Je, Uwongo Waweza Kuutumikia Ukweli?

Mtu akiulizwa kama uwongo ni mbaya, hujibu upesi: Ndiyo, ni mbaya. Lakini swali hili lina mlango wa nyuma. Shahidi mmoja amesimama mbele ya baraza ya chifu. Moyoni mwake yu hakika kwamba fulani ndiye aliyeiba mbuzi, maana kijiji kizima chamjua kwa wizi wake. Walakini usiku ule shahidi hakuona kitu. Chifu amwuliza: Ulimwona? Naye ajibu: Nilimwona. Amesema uwongo, lakini kwa ajili ya haki, ndivyo anavyodhani. Je, uwongo wake umeitumikia haki, ama umeijeruhi?

Swali hili ni la zamani sana. Limezuka hata mahali ambapo wengi hawakulitazamia, yaani katika vyumba vya wenye elimu wanaotazama viumbe vidogo kwa hadubini na kuchora au kupiga picha za yale wanayoyaona. Yafaa kuichunguza kazi yao, kwa kuwa mwenye hadubini ni shahidi kupita mashahidi wengine. Yeye huona peke yake jambo ambalo jirani aliyesimama karibu naye hawezi kuliona. Shahidi wa namna hiyo akidanganya, nani atamkanusha?

I. Hadubini na mashahidi wanane

Hadubini ni chombo chenye vioo vilivyosuguliwa kwa ustadi, hata kitu kidogo kikaonekana kikubwa machoni pa mtazamaji. Wengine huiita mikroskopi. Mtu akiweka chini yake tone la maji ya dimbwi, ataona kwamba tone lile, ambalo kwa macho matupu lilikuwa tupu, kumbe limejaa viumbe vinavyoogelea, vinavyokula na kuzaana.

Katika mji wa Delft, nchi ya Uholanzi, alikaa mfanya biashara wa nguo, jina lake Antoni van Leeuwenhoek (1632–1723). Hakusoma katika chuo kikuu, wala hakujua Kilatini, lugha ya wenye elimu wa siku zile. Vioo vyake alivisugua kwa mikono yake mwenyewe. Mwaka 1676 aliwaandikia Royal Society, chama cha wenye elimu cha London, akawaeleza kwamba ameona majini vinyama vidogo mno, ambavyo tangu kuumbwa kwa ulimwengu hakuna aliyevisimulia.

Wale hawakusadiki upesi, wala hawakukosa kwa kusita. Mtu akitangaza jambo kubwa, ni haki kumwuliza ushahidi. Basi mwaka 1677 Leeuwenhoek akawapelekea shuhuda za watu wanane waliotazama kwa macho yao wenyewe, na baadhi yao walikuwa wahubiri wa dini. Mwaka ule ule mtaalamu wa chama, Robert Hooke, akatengeneza vyombo vyake, akatazama, akaviona vinyama vile, akawaonyesha wenzake. Mwaka 1680 wakampokea yule mfanya biashara awe mmoja wao.

Jambo moja la kushika hapa: ushahidi wa kweli hauogopi kujaribiwa. Leeuwenhoek hakutaka watu wamwamini kwa kelele. Aliwaita watu wengine waje watazame. Mwenye kusema kweli hufungua mlango, lakini mwongo husimama mlangoni.

II. Kiumbe cha mfano

Mama apikaye maharagwe hatafuni chungu kizima ili ajue kama yameiva. Huchota punje mbili tatu, akazibonyeza kwa vidole, akajua habari za chungu chote. Wenye elimu ya viumbe hufanya vivyo hivyo. Hawawezi kuchunguza kila mnyama aliye duniani, wala si halali kumpasua mtu mzima ili kumjua. Kwa hiyo huchagua viumbe vichache, wakavichunguza kwa bidii miaka mingi: nzi mdogo wa matunda, panya, samaki mdogo mwenye milia, na mnyoo mmoja mdogo kabisa. Hivi huitwa viumbe vya mfano. Miili ya viumbe vyote imejengwa kwa chembe hai, ziitwazo seli, na kazi nyingi za seli hufanana katika mnyoo na katika mtu. Ndiyo maana punje moja yaweza kutoa habari za chungu.

Mnyoo unaosemwa hapa huitwa Caenorhabditis elegans. Urefu wake ni milimita 1 hivi, kama upana wa punje ya ulezi. Hukaa katika matunda na majani yaliyooza, ukala bakteria, wala haumdhuru mtu. Tangu yai mpaka kuwa mzazi huchukua siku 3 hivi. Na lililo kubwa kwa mwenye hadubini ni hili: mwili wake hupenywa na nuru kama kioo. Mtazamaji aweza kuona ndani ya mnyoo mzima ulio hai bila kuukata.

Aliyeuchagua mnyoo huu ni Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston katika Afrika ya Kusini, mwaka 1927. Baba yake alikuwa fundi viatu asiyejua kusoma wala kuandika. Mwana wa fundi viatu akawa mwalimu wa wenye elimu katika mji wa Cambridge, Uingereza. Mwaka 1963 alishauri kwamba kiumbe kidogo kama huyo kichunguzwe mpaka kila seli yake ijulikane. Kwa maneno mengine: awepo hapa duniani angalau mnyama mmoja ambaye watu wamehesabu seli zake zote, na kujua kila moja imetoka wapi.

III. Miezi kumi na minane mbele ya kioo

Kazi hiyo ilimwangukia hasa Mwingereza John Sulston (1942–2018), aliyejiunga na Brenner mwaka 1969. Kwanza, pamoja na Robert Horvitz wa Marekani, alifuata seli za mnyoo uliokwisha kuanguliwa. Habari zake zilitangazwa mwaka 1977. Kisha ikabaki kazi ngumu zaidi, yaani kuzifuata seli ndani ya yai. Yai huanza na seli moja. Hiyo hugawanyika zikawa mbili, mbili zikawa nne, zikazidi kugawanyika, zikisogea na kupishana, kwa muda wa saa 14 hivi mpaka mnyoo kuanguliwa.

Sulston aliingia katika chumba kidogo, akakaa mbele ya hadubini. Alitazama kwa saa nne, akapumzika, akarudi tena kutazama kwa saa nne nyingine. Ndivyo alivyofanya siku kwa siku karibu mwaka mmoja na nusu. Aliyoyaona aliyachora kwa mkono wake. Mwaka 1983 yeye na wenzake wakatangaza ukoo mzima wa seli za yai. Katika yai la mnyoo wa namna ya jike huzaliwa seli 671. Kati ya hizo, 113 hufa kabla ya kuanguliwa, na 558 hubaki. Mnyoo ukikomaa, mwili wake huwa na seli 959, mbali na zile za uzazi.

Msomaji na afikiri majaribu ya mtu aliyekaa namna hiyo. Macho yamechoka. Seli moja ya upande wa kuume imejificha nyuma ya nyingine, haionekani vema. Lakini ndugu yake wa upande wa kushoto ameonekana wazi. Mnyoo una pande mbili zinazofanana, kama mtu alivyo na mikono miwili. Je, kuna ubaya gani kuchora upande wa kuume kama ule wa kushoto, na kwenda kulala? Hakuna ajuaye. Tena labda ndivyo ilivyo.

Basi, mtu ambaye angefanya hivyo angaliandika uwongo bila kujua. Ilionekana kwamba mara nyingi sehemu mbili zinazofanana, ya kuume na ya kushoto, hazikutoka katika ukoo unaofanana. Seli za upande mmoja zimekuja kwa njia hii, na za upande wa pili kwa njia nyingine, kama vile nyumba mbili za namna moja ambazo matofali yake yametoka mashamba mbalimbali. Akili ilitazamia jambo moja, macho yakaona jingine. Kama mkono ungalifuata akili peke yake, jambo lile lingalifichika.

Na zile seli 113 zinazokufa? Mtu mvivu angaliweza kuziruka, maana huonekana muda mfupi tu, kisha hutoweka. Lakini ziliandikwa, kila moja kwa mahali pake na wakati wake. Ikaonekana kwamba katika kila mnyoo hufa seli zile zile kwa wakati ule ule. Kumbe kifo chao si ajali, ni sehemu ya ujenzi. Hata mtoto tumboni mwa mama yake, mkono wake huanza kama kasia; seli zilizo kati ya vidole hufa, ndipo vidole hupata kuachana. Horvitz akaendelea kutafuta katika mnyoo ni amri gani zinazoziongoza seli kufa, na amri za jamaa hiyo zikaonekana katika mtu pia. Seli inayokataa kufa wakati wake hushiriki katika ugonjwa wa kansa. Mwaka 2002 Brenner, Horvitz na Sulston walipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hii.

Faida yote hii imetoka katika nini? Katika uvumilivu, ndiyo. Lakini zaidi imetoka katika mpaka ambao mtazamaji aliulinda: hili nimeliona, hili nalidhani tu.

IV. Picha tatu za kibao kimoja

Sasa yafaa kutazama upande wa pili. Katika nchi ya Ujerumani alikuwako mtaalamu mkubwa, Ernst Haeckel (1834–1919), mwalimu katika chuo cha Jena. Alikuwa mchoraji hodari, tena mwenye bidii nyingi. Alisadiki kabisa kwamba wanyama mbalimbali, wakiwa bado wachanga tumboni au ndani ya yai, hufanana sana. Mwaka 1868 alitoa kitabu cha kuwafundisha watu wote mambo hayo. Ndani yake mlikuwamo picha tatu zimepangwa pamoja: kijusi cha mbwa, cha kuku na cha kobe. Msomaji akizitazama aliona zimefanana kabisa, akastaajabu, akasadiki.

Zilifanana, kwa kuwa zilikuwa picha moja. Kibao kimoja cha kupigia chapa kilitumiwa mara tatu, yakabadilishwa majina tu.

Wahenga wamesema: njia ya mwongo ni fupi. Ludwig Rütimeyer, mwalimu katika mji wa Basel, Uswisi, alilitambua jambo hili upesi, akalitangaza. Katika toleo la pili la mwaka 1870 zile picha tatu ziliondolewa, ikabaki moja. Haeckel alijitetea kwamba vijusi vya umri ule havitofautiani machoni. Baadaye yeye mwenyewe alikiri kwamba lilikuwa tendo la upumbavu. Lakini sifa iliyovunjika haiungwi kama chungu kwa udongo. Picha nyingine alizozichora baada ya hapo zilishukiwa pia, na mwaka 1997 mtaalamu Michael Richardson na wenzake, walipopiga picha za vijusi halisi vya wanyama wengi, walionyesha kwamba tofauti zao ni kubwa kuliko alivyochora Haeckel.

Hapa pana jambo la kuhuzunisha, na hilo ndilo kiini cha swali. Ni kweli kwamba vijusi vya wanyama wenye uti wa mgongo hufanana katika mambo mengi. Haeckel hakuwa na haja ya uwongo. Ukweli ulikuwa na nguvu ya kutosha, lau angaliuacha usimame kwa miguu yake. Lakini aliutegemeza kwa fimbo iliyooza, na fimbo ilipovunjika, watu walidhani ukweli nao umeanguka. Kwa zaidi ya miaka 100 wapinzani wa elimu hiyo wamekuwa wakizionyesha picha zile na kusema: Tazameni, yote ni uwongo! Hivyo aliyetaka kuutumikia ukweli aliwapa adui zake silaha.

V. Maneno ya kujitetea, na majibu yake

Mtu atasema kwanza: Mimi najua tayari kwamba ndivyo ilivyo, picha yangu yawasaidia tu wasiojua.
Jibu: Kujua ni kitu kimoja, kuona ni kingine. Shahidi haulizwi anawaza nini. Aulizwa ameona nini. Akichanganya hayo mawili, amewanyang'anya wasikilizaji haki yao ya kupima. Chifu anayepewa kweli aweza kukata shauri, hata kama kweli yenyewe ni kidogo. Chifu anayepewa uwongo hakati shauri. Amekwisha kukatiwa na shahidi.

Atasema pili: Kosa ni dogo, tena ni habari ya mnyoo tu.
Jibu: Mnyoo ni punje iliyochotwa chunguni. Anayedanganya juu ya punje amedanganya juu ya chungu, na wako watu watakaokula. Mtaalamu mmoja hujenga juu ya kazi ya mwenzake, na dawa hujengwa juu ya kazi za wote. Tofali bovu likiwa chini ya ukuta, haliulizi kama liliwekwa kwa nia njema.

Atasema tatu: Lakini picha zote za hadubini zimetengenezwa! Wengine hutia rangi katika seli, wengine huongeza mwanga kwa mashine. Je, hao wote ni waongo?
Jibu: Sivyo. Mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake walitangaza namna ya kuzifanya seli fulani za ule mnyoo ulio hai zing'ae kijani, kwa kutumia kitu kilichotokana na konyeza, mnyama wa baharini mwenye mwili mlaini kama uji ulioganda. Kitu hicho kilifafanuliwa kwanza na Osamu Shimomura wa Japani na wenzake mwaka 1962. Rangi hiyo si uwongo, ni taa iliyowashwa ili kitu kionekane, na watazamaji wameambiwa taa imetoka wapi. Hata picha ambazo asili yake hazina rangi, zikipakwa rangi baadaye na jambo hilo likaandikwa chini yake, hazimdanganyi mtu. Kuinua sauti ili wa nyuma wasikie si uwongo. Kutia neno lisilosemwa, huo ndio uwongo.

Mpaka wenyewe uliandikwa wazi mwaka 2004 na Mike Rossner na Kenneth Yamada katika gazeti la wataalamu wa seli. Ni halali kuongeza mwanga kwa picha nzima, mradi kitu kilichomo kisifichwe. Si halali kuongeza kitu, kukiondoa, kukisogeza, wala kukififiza mahali pamoja tu. Mtoto aweza kulifahamu hilo: anayefungua dirisha huangaza chumba chote, lakini anayefunika pembe moja kwa nguo ana kitu cha kuficha.

Na hatari hii haikuisha pamoja na vibao vya zamani. Mwaka 2016 Elisabeth Bik na wenzake wawili walitoa habari za makala 20,621 za elimu ya viumbe na uganga zilizochunguzwa picha zake. Karibu 4 katika kila 100 zilikuwa na picha zenye kasoro, na angalau nusu ya hizo zilikuwa na dalili za kubadilishwa makusudi.

Atasema nne: Je, aliyekosea kuona naye ni mwongo?
Jibu: La, hasha. Kukosea si kudanganya. Mwaka 1694 Nicolaas Hartsoeker wa Uholanzi alichora mtoto mdogo amejikunyata ndani ya mbegu ya kiume. Mambo hayako hivyo, na leo kila mwanafunzi ajua. Lakini Hartsoeker hakuandika kwamba amemwona mtoto yule. Aliandika kwamba labda angeonekana hivyo, kama mbegu ingeweza kupenywa kwa macho. Alidhani, akasema nadhani. Wengi waliokuja nyuma waliitazama picha bila kuyasoma maneno yake. Dhana yake ilikuwa mbaya, ushahidi wake ulikuwa safi. Neno "labda" ni neno dogo, lakini limewaokoa watu wengi na dhambi.

VI. Tone la damu

Mtu wa kijijini aweza kusema: Mambo haya ni ya Ulaya na Marekani, kwetu hakuna wachora minyoo. Lakini hadubini imefika karibu sana. Katika dispansari nyingi za Kongo iko juu ya meza, karibu na dirisha.

Mama amemleta mtoto mwenye homa. Mpimaji amemchoma kidole, ametwaa tone la damu, amelipaka juu ya kioo na kulitia rangi. Sasa atafuta wadudu wa malaria, wale ambao daktari Mfaransa Alphonse Laveran aliwaona mara ya kwanza katika damu ya askari huko Constantine, Aljeria, mwaka 1880. Kanuni ni kwamba asiandike "hakuna" mpaka ametazama angalau sehemu 100 za kioo. Kumi za kwanza ni tupu. Ishirini ni tupu. Mstari wa watu nje ni mrefu, jua ni kali. Mpimaji awaza: mtoto huyu hana malaria, naona usoni pake. Aandika: hakuna.

Labda amepata, labda amekosa. Lakini hata kama amepata, amesema uwongo, kwa maana neno lile "hakuna" lilimwambia mganga: Nimetazama sehemu 100. Naye alitazama 20. Mganga hatatoa dawa, mama atarudi nyumbani kwa kutumaini macho ambayo hayakutazama. Na kama wadudu walikuwa katika sehemu ya 60, usiku mtoto atashikwa na degedege, na mama hatajua kamwe kwamba mwanawe aliangushwa na neno moja dogo. Vivyo hivyo kwa ugonjwa wa malale, ambao vikundi vya waganga wamezunguka vijiji vya Kongo kuutafuta: mgonjwa ambaye damu yake haikutazamwa vema hubaki na ugonjwa mwilini, na mbung'o huutwaa kwake na kuupeleka kwa jirani.

Mpimaji yule hakumchukia mtoto. Alijiamini kupita kiasi, basi. Ni ndugu wa yule shahidi wa barazani, na wa yule mchoraji wa Jena. Wote watatu wamefanya tendo moja: wameweka wanayoyawaza mahali pa wasiyoyaona, kisha wakatia muhuri wa macho yao.

VII. Jibu la swali

Mtakatifu Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika ya kaskazini, aliandika vitabu viwili juu ya uwongo. Cha pili alikiandika karibu na mwaka 420, kwa sababu ya swali lile lile. Wakristo fulani wa Hispania waliona kwamba wafuasi wa mafundisho ya Priscillianus hujificha kwa uwongo. Wakataka kujifanya wenzao, wadanganye nao, ili wawafichue. Nia yao ilikuwa kuulinda ukweli wa dini. Agostino aliwakataza. Kama uwongo ukiruhusiwa kwa ajili ya ukweli, mtu atajuaje tena ni lini mwalimu anasema kweli? Na katika kitabu cha Ayubu, yule mwenye mateso aliwalaumu rafiki zake waliotaka kumtetea Mungu kwa maneno yasiyo ya kweli. Mungu hana haja ya mawakili wa namna hiyo.

Basi jibu ni hili: uwongo hauwezi kuutumikia ukweli, kwa sababu tatu.

Kwanza, ukweli humshinda mtu kwa kuonekana. Uwongo humshinda kwa kumfumba macho. Mtumwa hawezi kumtumikia bwana wake kwa kuzizima taa zake.

Pili, anayetumia uwongo kwa ajili ya ukweli aonyesha kwamba hautumaini ukweli wenyewe. Asema kwa midomo kwamba una nguvu, kisha autafutia magongo kama kiwete.

Tatu, uwongo ukijulikana, haufi peke yake. Hufa pamoja na kila jambo la kweli ambalo mtu yule aliwahi kulisema. Mwalimu wa dini anayeongeza muujiza ambao haukutokea ili wasikilizaji wamche Mungu, siku watakapojua, hawataacha muujiza ule tu. Wataacha na yote aliyowafundisha.

Amri ya nane haikutolewa kwa wenye kesi peke yao. Ni ya mwenye hadubini, ni ya mpimaji wa damu, ni ya mama anayeuza unga kwa kipimo, ni ya mtoto anayeulizwa nani amevunja mtungi. Kila mmoja wao ameona jambo ambalo mwingine hakuliona, na yule mwingine amewekwa mikononi mwake. Mtu akiwa amekaa peke yake mbele ya kioo kidogo, pasipo mtu wa kumsahihisha, naye akaandika "sikuona" kwa sababu hakuona, tendo hilo halina shangwe wala kinanda. Lakini nyumba za watu husimama juu ya matendo ya namna hiyo.

Maswali ya kujiuliza

1. Shahidi wa barazani angemjibu chifu namna gani, ili aseme yote anayoyajua bila kusema uwongo?
2. Kuna tofauti gani kati ya Hartsoeker na Haeckel, ikiwa picha za wote wawili hazikuwa sawa na mambo yalivyo?
3. Kwa nini kutia rangi katika picha si uwongo, lakini kuondoa alama moja ndogo ni uwongo?
4. Ni mara ngapi juma hili neno "nimeona" limetumiwa nyumbani mahali pa "nadhani", na nani amelilipia?